Jozi mlizozichapa zilipangwa kwa mkasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua, na mniwie radhi kwamba nafasi yenyewe si ndogo. Nataka kusema neno juu ya makala yenu ya afya iliyohusu watoto wenye hali ya Down. Mwandishi kaandika kwa upole na heshima, hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye picha mliyoiweka juu ya makala, ile yenye kromosomu (vile vijiti vya ndani ya seli vinavyobeba urithi) zilizosimama safu kwa safu, mbili mbili, kubwa zimetangulia na ndogo zimefuata. Chini yake mmeandika kwamba hivyo ndivyo zinavyojipanga seli inapogawanyika. Juu ya picha hiyo mwandishi kajenga hoja yake yote: jozi namba 21 imegoma kuachana, mtoto akapata 21 ya tatu, sababu ni yai la mama kuzeeka, basi, kesi imekwisha.

Kromosomu hazijipangi hivyo. Nasema hivi kwa sababu safu zile ndizo zilizonilisha. Nilikuwa fundi wa maabara ya kromosomu katika hospitali moja kaskazini mwa Uingereza kuanzia miaka ya themanini mpaka nilipostaafu nikarudi nyumbani Tanga. Siku zile kompyuta zilikuwa bado hazijaingia maabara yetu. Tulipiga picha kupitia darubini, tukaisafisha kwenye chumba cha giza, kisha tukakaa mezani na mkasi na gundi. Unakata kromosomu moja moja, unalinganisha urefu na mistari yake, unaitafutia mwenzake, unabandika. Jozi mlizozichapa ni kazi ya mkono wa fundi, siku hizi ni kazi ya programu ya kompyuta, na zinapangwa hivyo kwa ajili ya macho ya daktari. Ukichungulia darubini yenyewe unakuta vijiti 46 vimetawanyika ovyo, vingine vimelaliana, namba 1 moja iko juu kabisa na ya pili yake iko chini pembeni.

Na hata mtawanyiko huo tumeusababisha sisi. Unachukua damu, mililita chache tu, kwenye chupa yenye heparini isigande. Chembe nyeupe haziwezi kugawanyika zenyewe mle chupani, inabidi uzichokoze kwa dawa itokanayo na maharage, maharage haya haya tunayopika. Peter Nowell wa Philadelphia ndiye aliyegundua mwaka 1960 kwamba dawa hiyo, ambayo watu walikuwa wakiitumia kugandanisha chembe nyekundu ili kuzitenga, huziamsha chembe nyeupe zikaanza kugawanyika. Unaziacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 72 hivi. Halafu unatia dawa ya kuvunja nyuzi zinazovuta kromosomu, seli zinakwama katikati ya kazi. Unaziweka kwenye maji yenye chumvi hafifu ya potasiamu, zinavimba. Unazikausha maji kwa methanoli sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja, tone kwa tone, mkono unatikisa chupa muda wote, maana ukiharakisha zinashikana donge. Mwisho unadondosha tone kwenye kioo, seli inapasuka, kromosomu zinalala chali. Ndipo unazipaka tripsini kidogo, kimeng'enya kinachosaidia mistari ionekane, halafu rangi ya Giemsa. Mafundi wa zahanati wanaosoma barua hii wametabasamu hapo: ndiyo, Giemsa ile ile ya BS, kipimo cha damu cha malaria.

Sasa mtu aliyeiona seli baada ya kuchokozwa, kuvimbishwa na kupasuliwa hawezi kusema ameona ilivyokuwa imekaa. Walioziangalia seli hai wanaeleza hivi. Kabla ya kugawanyika, kila kromosomu hujinakili, na nakala mbili hubaki zimefungwa pamoja na pete za protini iitwayo kohesini. Utando wa kiini huyeyuka. Nyuzi hutoka pande mbili za seli, hushika kila kromosomu kiunoni, pale panapotenganisha mikono yake miwili, zikavutana mpaka zote 46 zimefika katikati. Ukizitazama kwa upande wa juu zimekaa duara, mikono mirefu imeelekea nje, na kwa kawaida kubwa ziko ukingoni na ndogo ziko ndani. Namba 1 iliyotoka kwa baba haina habari na namba 1 iliyotoka kwa mama. Hazitafutani, hazishikani. Kila moja inapasuka kivyake, nakala moja huku, nakala moja kule. Ikiwa hata moja tu haijashikwa sawasawa, seli nzima husubiri. Kazi yote huchukua kama saa moja, na inatendeka mwilini mwako wakati unasoma gazeti hili.

Kushikana jozi kwa jozi kupo, ila mahali pake ni pengine: kwenye ovari na kwenye korodani, wakati wa kutengeneza yai na mbegu. Hapo ya baba na ya mama hutafutana, hulala sambamba, hubadilishana vipande, kisha huachana ili yai lipate 23 badala ya 46. Mwandishi wenu kachukua habari ya huko akaibandika kwenye mgawanyiko wa kila siku wa ngozi na damu. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne ni kosa la kukatwa alama. Kwa wazazi ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Mtaani kwetu kuna binti ana miaka 22, mtoto wake wa kwanza amezaliwa na hali ya Down. Gazeti lilipofika nyumbani kwao wifi yake aliisoma makala kwa sauti, kisha akamgeukia: "Haya, wameandika ni ya wanawake waliochelewa. Wewe umechelewa wapi? Au kuna la kwenu hamkutuambia?" Mama mkwe naye akatia lake, ambalo sitaliandika hapa. Jioni binti akaja kwangu, akaniamkia, akakaa kwenye mkeka na mtoto mapajani.

"Bibi, hivi ni mimi kweli?"

Jibu la haki ni kwamba hakuna anayejua, kwa sababu daktari alimtambua mtoto kwa kumtazama, na kromosomu zake hazijapimwa. Kutazama kunatosha kusema mtoto ana hali ya Down. Hakutoshi kusema ameipataje. Na makala yenu imewaaminisha watu kwamba njia ni moja.

Habari ya umri ni ya kweli, siikatai. Yai la mwanamke huanza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Humo humo kromosomu hushikana jozi na kubadilishana vipande, kisha kazi husimama. Yai hukaa hivyo hivyo, jozi zimeshikana, miaka 20, miaka 30, miaka 40, likisubiri mwezi wake. Pete za kohesini zilizowekwa siku zile ndizo zinazoshikilia mpaka mwisho, na kadiri miaka inavyopita ndivyo zinavyolegea. Ndiyo maana mama wa miaka 20 uwezekano wake ni kama mmoja katika 1,500, na wa miaka 40 ni kama mmoja katika 100. Lakini kwa kuwa wanaozaa sana ni vijana, watoto wengi wenye hali ya Down huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35. Hilo peke yake lingetosha kumnyamazisha yule wifi, kama lingechapwa.

Takribani watoto 95 katika 100 wenye hali ya Down wana kromosomu 21 tatu zilizo huru, jumla 47, kama alivyoonyesha Jérôme Lejeune pamoja na Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris mwaka 1959. Mmoja au wawili wana mchanganyiko, seli nyingine 46 na nyingine 47. Watatu au wanne waliobaki ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu kwao umri wa mama hauhusiki kabisa. Na kuwaelewa hao lazima tuache zile safu za mkasi, tuone kromosomu zinavyokaa zenyewe.

Katika ule mtawanyiko wa kwenye kioo kuna kitu kimoja ambacho fundi yeyote wa siku nyingi atakwambia amekiona. Kromosomu namba 13, 14, 15, 21 na 22 hazina umbo la nyingine. Kiuno chao kiko karibu na ncha, mkono mmoja mrefu, wa pili mfupi mno, na juu ya huo mfupi kuna kijidoa kinachoning'inia kwenye uzi mwembamba. Kwa jumla ni kumi, tano za baba na tano za mama. Sasa tazama seli baada ya seli: mara utakuta mbili kati ya hizo, mara utakuta tatu, zimeelekezeana vichwa, vijidoa vinakaribia kugusana, huku mikono mirefu imeangalia nje. Wenzao wamesambaa kila upande, hizi zimebaki kama watu wanaokula sinia moja. Malcolm Ferguson-Smith na S. D. Handmaker waliliandika jambo hili mwaka 1961. Ukipaka kioo dawa ya madini ya fedha badala ya Giemsa, pale vichwani huota madoa meusi, na mara nyingine doa jeusi moja linaunganisha vichwa viwili. Nilikuwa napenda sana kuipaka dawa hiyo, ingawa inachafua vidole vibaya.

Sababu ya ukaribu huo iko kwenye mkono mfupi. Humo mna nakala nyingi za jeni zinazotengeneza ribosomu, yaani mitambo ambayo seli huitumia kuunda protini. Jeni hizo zimesambazwa kwenye kromosomu zote kumi, lakini kazi hufanyika mahali pamoja, kwenye nukleoli, kile kiini kidogo cheusi ndani ya kiini. Seli ikianza kugawanyika nukleoli huyeyuka. Mgawanyiko ukiisha, nukleoli ndogo ndogo huota upya kwenye mikono mifupi, huvutana, huungana kuwa chache kubwa, na mikono yenyewe huletwa pamoja. Zinaishi zimeegemeana, na hata zikiingia tena kwenye mgawanyiko bado ukaribu huo unaonekana.

Wanaoishi karibu huchukuliana vitu. Kwa miaka mingi hatukuweza kuisoma DNA ya mikono hiyo mifupi, maana imejaa maneno yale yale yanayojirudia, na ramani ya kwanza ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, iliiacha tupu. Mwaka 2022 ndipo kundi la wanasayansi lilipotoa jenomu iliyosomwa mwanzo hadi mwisho, mikono mitano hiyo ikiwemo. Mwaka uliofuata ilichapishwa kwenye jarida la sayansi la Nature kwamba mikono mifupi ya kromosomu zisizo za jozi moja, 13 na 21 kwa mfano, hubadilishana vipande vya DNA. Na mwaka 2025 ukafuata utafiti mwingine kwenye jarida hilo hilo ulioonyesha kipande kimoja kinachojirudia kwenye 13, 14 na 21, ila kwenye 14 kimegeuzwa nyuma mbele. Vikikutana kwenye nukleoli na kubadilishana vipande mahali hapo, mikono mirefu miwili hujikuta imeunganishwa kuwa kromosomu moja, na mikono mifupi hupotea.

Muungano wa namna hiyo unaitwa wa Robertson, kwa jina la Mmarekani aliyeuona mara ya kwanza mwaka 1916. Aliuona kwa panzi! Kwa binadamu anao kama mtu mmoja katika kila 1,000, na ulio wa kawaida kuliko yote ni wa 13 na 14. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61 na zaidi. Kwa kiwango hicho tungekuwa na watu kama elfu sitini wanaotembea na kromosomu 45 bila kujua, maana hawaumwi chochote. Mikono mifupi miwili iliyopotea haina hasara, kwa kuwa jeni zile zile ziko kwenye mikono minane iliyobaki. Wanalima, wanaendesha bodaboda, wanafundisha, na wengine ni madaktari.

Shida inakuja wanapotaka kupata mtoto. Chukua mtu ambaye 14 yake moja imeungana na 21 moja. Wakati wa kutengeneza yai au mbegu, kromosomu zinatafuta wenzake kama nilivyoeleza. Iliyoungana inamtafuta 14 mzima kwa upande mmoja na 21 mzima kwa upande wa pili, kwa hiyo zinakutana tatu mahali pa mbili. Na tatu hazigawanyiki sawasawa kwa mbili. Pengine 14 na 21 nzima huenda pamoja, mtoto anakuwa na kromosomu za kawaida. Pengine iliyoungana huenda peke yake, mtoto anakuwa mzima kama mzazi, na 45 zake. Au iliyoungana huenda pamoja na 21 nzima, na hapo mtoto anapata hali ya Down. Migawanyiko mingine ipo pia, lakini mimba zake karibu zote hutoka mapema. Ndiyo maana katika familia kama hizi ukiuliza taratibu utasikia habari za mimba kuharibika, za mama, za shangazi, za dada wa baba, ambazo hakuna aliyewahi kuziunganisha.

Mama akiwa ndiye mwenye muungano huo, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down ni kati ya 10 na 15 katika 100, awe na miaka 20 au 38. Baba akiwa ndiye, unashuka mpaka mmoja au wawili katika 100, ila haufiki sifuri. Ukiwa ni muungano wa 21 kwa 21, kila mtoto atakayezaliwa hai atakuwa na hali hiyo. Na si kila muungano umerithiwa, mwingine huzuka kwa mtoto mwenyewe, wazazi wote wawili wakiwa na 46 zao safi. Hapo hakuna wa kwao wala wa kwetu.

Mtoto aliyeipata kwa njia hii ana kromosomu 46. Wa kwanza kutangazwa alikuwa msichana mmoja, na walioandika habari zake mwaka 1960 ni Paul Polani na wenzake huko Uingereza. Ana 46 sawa na mimi na wewe, kwa sababu ile 21 ya tatu imejificha imepanda mgongoni mwa 14. Anayehesabu tu atasema mtoto huyu yuko sawa. Mzazi wake mzima naye atahesabiwa 45 ashtuliwe bure. Na kuhesabu kwenyewe kumewahi kuwashinda wakubwa: tangu Theophilus Painter aandike mwaka 1923 kwamba binadamu ana 48, watu waliendelea kuziona 48 kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu 46 huko Lund, Uswidi, na kuchapisha mwaka 1956. Kikishapigwa chapa kitu, macho hukifuata. Ndiyo maana nawalaumu kidogo kwa ile picha.

Yule binti nilimwambia aende yeye na mumewe, wote wawili, na mtoto, wakaombe rufaa ya kupimwa kromosomu. Mume alisita. Akasema yeye ni mzima, anapimwa nini? Nikamwambia mwenye muungano huwa ni mzima, hiyo ndiyo habari yenyewe. Bado hajaitikia, na nauli na gharama si jambo dogo kwao. Wifi yake nilimkuta gengeni nikamweleza kidogo juu ya kaka yake kuwa naye huenda akawa ndiye. Akanunua nyanya zake akaondoka.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni mchoro mpya, na maelezo mafupi chini yake. Mwambieni mchoraji achore seli mbili. Ya kwanza ni ya ngozi: kromosomu 46 duara, kubwa ukingoni, ndogo ndani, hakuna mbili zilizoshikana mkono. Ya pili ni ya ovari au korodani: jozi zimelala sambamba, na pembeni zile tatu, iliyoungana katikati, 14 huku na 21 kule. Kisha mwandike kwamba mzazi wa mtoto mwenye hali ya Down, awe na umri wowote, ana haki ya kuuliza kama ni 21 huru au iliyoungana, na kwamba ikiwa imeungana hupimwa baba pia. Mchoraji akikwama anipigie simu, nipo nyumbani asubuhi zote isipokuwa Ijumaa. Mkasi ninao bado.

Wenu msomaji,
Fundi maabara mstaafu,
Tanga
(Jina na namba ya simu nimempa mhariri, naomba visichapwe.)